Ziwa, Titi na Uchelewaji: Istilahi za Picha za Sumaku Zikitazamwa Kutoka Usenge

Anayetaka kuupima uwezo wa Kiswahili katika uwanja wa tiba hana budi kuanza na neno ziwa. Usenge, mji wa wavuvi katika Kaunti ya Siaya, uko ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Mwanamke wa huko akielezwa habari za "saratani ya ziwa" aweza kudhani kwamba maji ndiyo yenye maradhi. Kidholuo hakina utata huo: nam ni ziwa la maji, thuno ni titi, na chak ni maziwa ya kunywewa. Kwa hiyo titi ndilo neno lifaalo, ingawa ziwa nalo limo kamusini kwa maana hiyohiyo.

Jaribio la pili ni gumu zaidi. Mashine ya MRI hupiga picha kwa sumaku na mawimbi ya redio. Koili zake huifanya nguvu ya sumaku iongezeke kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine; hali hiyo yafaa kuitwa mteremko. Mteremko huo huchelewa kwa mikrosekunde chache, ilhali kinasa mawimbi kimekwisha kuanza kazi. Data za titi zikikusanywa kwa mistari iliyopangwa kama miali ya jua, kila mstari hutakiwa upite kwenye kitovu kimoja. Mteremko ukichelewa, mstari hukikosa kitovu, mithili ya mashua ambayo wapiga kasia wa upande mmoja wamechelewa. Picha huwa na ukungu na michirizi, na uvimbe mdogo ambao ungeng'aa baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya gadolini huweza kufifia.

Tiba yake ni hesabu. Mstari mmoja husomwa mara mbili, kwa kwenda na kwa kurudi. Usomaji wa pili ukigeuzwa na kulinganishwa na wa kwanza, mwachano wao huwa mara mbili ya kosa. Kipimo hicho hufanywa kwa kila mhimili, maana koili hazichelewi sawasawa (jambo ambalo wengi hulisahau), kisha kompyuta huziweka data mahali pake halisi.

Je, kosa hilo liitwe ucheleweshaji? La. Kiambishi -esh- hudai mtendeshaji, na hapa hayupo. Mgonjwa aliyesafiri kutoka Usenge hadi Kisumu, akiambiwa kwamba picha yake itarudiwa kwa sababu ya ucheleweshaji, atauliza ni nani aliyemchelewesha, au atajilaumu mwenyewe kwa kufika saa nne. Uchelewaji wa mteremko haumtaji mtu.