Somo la Khabari na Khofu Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu yangu Mwislamu, jua ya kuwa maradhi yaeneapo katika nchi, hufuatana nayo mambo mawili yaumizayo: khofu ipitayo kiasi, na khabari zisizo na asili. Maradhi hutibiwa na tabibu. Haya mawili, tiba yake i mikononi mwetu. Somo hili lataka kubainisha neno moja: khabari wakati wa maradhi ni amana, na mwenye kuilinda amana hiyo huipunguza khofu ya moyo wake na ya jirani zake.

FUNGU LA KWANZA: Mfano wa Singida

Wazee wetu wa pwani walikwenda bara kwa misafara, wakapita Ugogo na Mgunda Mkali, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Walichukua nguo na shanga, wakarudi na pembe. Na mara nyingi misafara ile ilichukua ndui pia. Leo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita Manyoni na Singida. Mtu wa pwani aliyeko huko akinunua alizeti na vitunguu yu katika njia ya kila kipitacho: mali, maradhi na maneno.

Korona ilipobainika Tanzania mwezi wa Machi 2020, shule zilifungwa nchi nzima. Mombasa, Mji wa Kale ulifungiwa mwezi wa Mei, mtu asitoke wala asiingie. Tanzania bara watu hawakufungiwa, wala misikiti haikufungwa. Lakini hisabu ya wagonjwa ilikoma mwanzoni mwa Mei 2020 katika 509, na waliokufa 21, isitolewe tena hata katikati ya mwaka 2021. Basi mtu huyo wa Singida alikuwa na jamaa zake waliofungiwa Mombasa, na yeye yu sokoni. Mazishi ayasikia, hisabu haipati. Palipokosekana neno la hakika, uvumi ulikaa mahali pake. Mmoja alisema maradhi hayapo. Wa pili, kila akohoaye atakufa. Wa tatu, mvuke wa nyungu watosha, hospitali haina haja. Wa nne, chanjo, iliyozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, yakata uzazi. Na mara nyingi maneno hayo yalikuja kwa simu, kwa sauti isiyo na jina.

Usidhani uvumi ni upepo tu. Mwaka 2020 nchini Iran mamia ya watu walikufa kwa kunywa methanoli, kwa kuwa wengi walisadiki uvumi ya kuwa pombe huondoa korona. Walikunywa sumu wakidhani ni dawa, na miongoni mwao huenda wamo ambao korona isingewafika kabisa.

FUNGU LA PILI: Mwendo wa Sayyidna Umar

Katika zama za tauni ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akapewa khabari ya tauni. Hakupiga mbio kurudi, wala hakuidharau khabari. Aliwataka shauri Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawataka Ansari, nao wakakhitalifiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, wakaafikiana kwamba watu warudi. Abu Ubaida akamwuliza kama huko si kuikimbia kadari. Umar akamfahamisha kwa mfano wa mchunga ngamia aliyefika bondeni penye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapochunga, amechunga kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume, ya kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia.

Zingatia, ndugu yangu: aliuliza, akangoja, akarudisha jambo kwa wenye ujuzi, kisha akakata shauri na moyo ukatulia. Na Kurani katika Suratun Nisaa, aya ya 83, yawalaumu watu waipatao khabari ya amani au ya khofu wakaitangaza papo hapo, kabla ya kuirudisha kwa wenye kuweza kuichungua. Lakini fahamu ya kuwa amana hii ina pande mbili. Msikiaji amekatazwa kutangaza asilolijua. Na mwenye kujua naye hana ruhusa ya kuficha, kwani akinyamaza huwaachia wajinga mimbari.

FUNGU LA TATU: Dua na sababu

Sheikh Ibn Hajar al-Asqalani alifiwa na mabinti zake kwa tauni, akatunga kitabu juu yake. Asimulia ya kuwa Kairo, mwaka 833 wa Hijra, waliokufa kila siku hawakufika 40. Watu wakafunga siku tatu, wakatoka jangwani kwa mkusanyiko mkubwa kuomba dua. Na kabla ya mwezi kwisha wafao kwa siku walipita 1000. Haina maana kwamba dua haifai, hasha! Dua ya mtu nyumbani kwake yasikiwa na Mola yule yule, na akaaye mahali pake wakati wa tauni kwa subira ameahidiwa ujira mfano wa shahidi. Kukaa nyumbani kwa nia hiyo si kifungo, ni ibada.

FUNGU LA NNE: Adabu tano

1. Ukiletewa khabari, uliza: nani aliyeisema, naye amejuaje? Isiyo na mwenyewe, ife kwako.

2. Jambo la dawa na chanjo mwulize tabibu. Jambo la ibada mwulize mwanachuoni. Usiwabadilishe.

3. Weka saa moja ya siku kusikiliza khabari, kisha funga simu. Saa zilizobaki zipe uradi, kazi na watoto wako. Moyo usiopumzishwa hauwezi kupambanua.

4. Ukitaka kujifukiza, jifukize kwa hadhari, maji ya moto yasikuunguze. Lakini pumzi ikikubana, nenda hospitali, usingoje.

5. Ukiugua, waambie uliokaribiana nao. Mwezi wa Machi 2023 maradhi ya Marburg yalitangazwa wazi mkoani Kagera, ambako barabara ile ya Singida hufika mpakani Rusumo. Watu zaidi ya 200 walifuatiliwa; waliopatwa walikuwa 9, wakafa 6, na mwezi wa Juni ukatangazwa mwisho wake. Ukweli uliosemwa mapema ulisaidia kuyafunga maradhi yasienee.

MASWALI YA KUJIPIMA

Umar aliwataka shauri makundi mangapi, na kwa nini hakutosheka na la kwanza? Ni amana gani iliyo juu ya msikiaji, na ipi juu ya mjuzi? Khabari ya mwisho uliyompelekea mwenzio, waweza kumtaja mwenyewe?

Ewe Mola wetu, tukinge na maradhi mabaya, na utukinge na ndimi zetu. Amin.