SOMO LA VIUMBE: DUME NA JIKE KATIKA NDEGE WA ZIWANI

Hakuna mtoto wa kijijini asiyeweza kumtenga jogoo na koo. Atatazama kilemba, atatazama mkia, na kama hakuona vema atangoja asikie awikaye. Lakini mtoto huyo huyo, ukimsimamisha kando ya maji na kumwonyesha ndege wa ziwani, atakujibu kwamba ndege ni ndege tu. Basi leo twataka kueleza alama ambazo kwazo mtu aweza kumjua dume na jike, na faida ya kuzijua.

Msomaji aliye Mabatini hana haja ya safari ndefu. Na aufuate Mto Mirongo hata uingiapo ziwani, au aende penye mawe na matete ya ufuoni, asubuhi kabla jua halijawa kali. Asimame kimya, jua likiwa mgongoni pake, kwa maana jua la usoni huficha rangi.

1. Mdiria mweupe na mweusi. Huyu ana domo refu jeusi, naye husimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, kisha huanguka majini kama jiwe kumfuata dagaa au furu. Mtazame kifuani. Dume ana mikanda miwili myeusi, wa juu mpana na wa chini mwembamba. Jike ana mkanda mmoja tu, na aghalabu huo nao umekatika katikati. Lakini jihadhari: makinda waliotoka shimoni karibuni, wa kiume na wa kike, wana mkanda mmoja wa kijivu, nao hufanana na mama yao.

Alama hii ndogo imefunua jambo kubwa. Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza wadiria hawa nchini Kenya, katika Ziwa Victoria na katika Ziwa Naivasha, akatangaza habari zake mwaka 1980. Aliona kwamba madume ni wengi kuliko majike, hata madume wengine hukosa wake. Hao waliokosa hawakai bure. Baadhi ni vijana wanaowasaidia wazazi wao kuwalisha wadogo zao. Wengine ni wageni wasio na udugu wowote na wenye shimo, nao huleta samaki vilevile, na huenda mwaka ufuatao mmoja wao akampata jike yule awe mke wake. Katika Ziwa Naivasha wageni wa namna hii hufukuzwa. Katika ziwa letu hukubaliwa, kwa kuwa huku uvuvi ni mgumu zaidi, na wazazi wawili peke yao hulemewa na kazi ya kuwashibisha makinda.

Haya yote hayangejulikana kama mikanda ya kifuani isingetazamwa. Tena twajifunza kwamba jike akiuawa, hasara yake ni kubwa kupita ya dume, kwa kuwa majike ndio wachache. Ndege hawa hutaga ndani ya mashimo wanayoyachimba katika kingo za mito na maziwa. Kwa hiyo mtu achimbaye mchanga ukingoni, au kijana aingizaye fimbo shimoni kwa mchezo, huenda akaangamiza kwa mara moja mama, mayai, na kazi ya wasaidizi wote.

2. Ndege wa vidole virefu. Huyu hutembea juu ya majani yaeleayo majini kana kwamba yu juu ya nchi kavu. Mwili wake ni wa rangi ya hudhurungi, shingo nyeupe kwa mbele, na paji la uso ni la buluu. Dume na jike wana rangi moja, lakini jike ni mkubwa waziwazi. Hapa desturi imegeuka: jike huweza kuwa na waume kadhaa, naye akiisha kutaga humwachia dume mayai. Dume huatamia, huwalinda makinda, na penye hatari huwabeba chini ya mabawa yake, miguu yao mirefu ikining'inia nje. Basi amwuaye ndege huyu mdogo akidhani kwamba mama atabaki kulea, amemwua mlezi mwenyewe.

3. Kwera mwenye kichwa cheusi. Dume ni wa manjano, kichwa cheusi, jicho jekundu. Jike amefifia, rangi yake ni kama majani makavu. Dume ndiye asukaye kiota, kisha huning'inia chini yake akipiga mabawa na kuimba. Jike huja kukikagua. Asipopendezwa huenda zake, na dume hukifumua akasuka kingine.

4. Furukombe. Usimtafutie alama ya rangi, hutaiona. Jike ni mkubwa kuliko dume, na sauti ya dume ni nyembamba zaidi. Wakiitikiana, mtu mwenye sikio zuri aweza kuwatenga.

Wako pia ndege ambao kwa macho hawatengeki, kama mnandi na yangeyange. Kwa hao, mwanafunzi na aandike "sijui". Neno hilo lina faida kuliko kubahatisha.

Zoezi kwa shule. Mwalimu na awape wanafunzi daftari yenye safu nne: dume, jike, kinda, sijui. Wahesabu wadiria mahali pamoja, saa ile ile, mara moja kila juma kwa muda wa miezi mitatu. Kisha wajibu: Je, madume wamezidi? Ni ndege wangapi waletao samaki katika shimo moja? Ukingo wenye mashimo ungalipo, au umechimbwa?

Majibu hayo yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji, ili wazee wanapopanga mahali pa kuchimba mchanga wajue ni ukingo upi ulio na wenyewe.