Mazoezi ya Mkono kwa Simu ya Picha

Somo letu la mwezi huu ni juu ya mkono ulioumia, na jinsi mtu akaaye mbali na hospitali awezavyo kuongozwa katika mazoezi yake kwa simu ionyeshayo picha.

Katika kisiwa cha Unguja watu wengi hula kwa kazi ya mikono. Mafundi wa Mji Mkongwe huchonga milango. Wanawake wa Paje na Jambiani hufunga mwani kambani, kazi iliyoanza huko mwaka 1989. Na mashambani watu hufua nazi. Panga likiteleza mara moja, chakula cha nyumba nzima chaingia hatarini.

Na tuufahamu kwanza mkono wenyewe. Una mifupa 27, na vidole huvutwa na kano, kama tanga livutwavyo kwa kamba. Kano ikikatika, daktari huishona. Lakini kushona si mwisho wa kazi. Yapata majuma 12 hupita kabla haijapata nguvu ya kazi nzito. Katika siku hizo hatari ni mbili, nazo zapingana. Mtu akiutumia mkono kwa nguvu mapema, kano hukatika tena. Akiutuliza kabisa, kano hushikamana na nyama za kando yake, na kidole hukauka kisikunjike. Njia ya salama yapita katikati: kukisogeza kidole kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kwa kipimo cha mtaalamu, na banzi likiwa mahali pake.

Hapo ndipo umbali udhurupo. Hospitali kubwa ya Unguja ni Mnazi Mmoja, mjini. Mtu wa Makunduchi au Nungwi akipanda daladala, asubuhi yake yaishia njiani, na nauli yake pia, kwa mazoezi ya muda mfupi tu. Akichoka na kukoma kwenda, kidonda chapona, lakini mkono wapotea.

Basi simu yafaa nini? Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia watu kukutana, wataalamu wa viungo katika nchi nyingi walizoea kuwaongoza wagonjwa kwa simu ya picha. Mtaalamu huona kidole chakunjika kiasi gani, huona uvimbe na kovu, na zoezi likifanywa vibaya hulirekebisha papo hapo. Asichoweza ni kugusa. Hawezi kupima nguvu ya mshiko, wala joto la kidonda, wala kulegeza banzi linalobana. Kwa hiyo simu haifuti safari, bali huzipunguza. Safari ya kutengenezewa banzi, na zile za kupimwa, zabaki palepale.

Mgonjwa na afanye hivi:

1. Kabla ya kutoka hospitali amwulize mtaalamu kama aweza kuongozwa kwa simu, siku gani, na ni mambo gani mkono wake umekatazwa.

2. Akae akielekea dirisha penye mwanga, na mkono uwe mezani juu ya kitambaa cha rangi moja.

3. Simu iegemezwe, au ishikwe na jamaa, maana mkono mmoja haulei mwana. Lakini mgonjwa mwenyewe achague nani awepo. Siri ya ugonjwa ni yake.

4. Kila juma apige picha ya vidole vikiwa vimekunjwa na vikiwa vimenyoshwa, kadiri alivyoruhusiwa, kwa umbali uleule, ili maendeleo yaonekane.

5. Asiige mazoezi ya mgonjwa mwingine. Liponyalo mkono wa juma la nane laweza kuukata mshono wa juma la pili.

Tena, kidole kikigeuka cheupe au cheusi, kikifa ganzi, kikitoa usaha, au kikiacha kukunjika kwa ghafula, asingoje simu. Aende hospitali siku ileile.

Wataalamu wa kazi hii si wengi. Baadhi yao hufundishwa KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Lakini katika kila mtaa wako vijana wenye simu, na jirani wasio nazo. Kumshikia jirani simu kwa robo saa ni kazi ndogo. Kwake yeye yaweza kuwa ndiyo kurudi kwenye patasi yake au kamba zake za mwani.

Maswali ya kujifunza: Kwa nini mkono ulioshonwa usitulizwe kabisa? Ni mambo gani simu haiwezi kuyafanya? Ni nani karibu nawe ahitajiye kushikiwa simu?