SOMO LETU: TIBA ILIPIMWA KWA WENGI, MGONJWA WETU NI MMOJA



Mara hii tuongee juu ya ugonjwa wa huzuni, ule ambao mtu anakaa tu, hali, halali, wala haendi tena ufuoni kununua omena. Tukimpeleka kituo cha afya tunaambiwa tiba fulani "imethibitishwa na utafiti". Ni vizuri. Lakini tuulize, ilithibitishwa kwa nani?

Tuvuke ziwa kidogo. Huko Masaka na Rakai, Uganda, watafiti kwanza waliwauliza wanavijiji wenyewe huzuni hiyo wanaiitaje. Halafu katika vijiji 30 walijaribu tiba isiyo na vidonge: wagonjwa wakutane kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofunzwa wiki mbili tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Kati ya waliokutana, waliobaki na ugonjwa hawakufika 7 kwa kila 100. Wasiopata tiba walibaki nao kama 55 kwa 100. Hapo hakuna ubishi.

Basi, njia ile ile ikapelekwa kwa vijana waliokimbia vita, kwenye kambi karibu na Gulu, kwa Waacholi ambao lugha yao ni jirani ya Kijaluo. Matokeo ya mwaka 2007: wasichana walipata nafuu, kwa wavulana haikuonekana wazi kwamba iliwasaidia. Kambi zile zile, viongozi wamefunzwa vile vile! Hesabu inatuambia wangapi walipata nafuu. Haisemi kwa nini huyu wa kwetu hakupata.

Tena katika majaribio mengi ya dawa, mama mjamzito, mlevi na mwenye magonjwa mengine huachwa nje. Kumbe kwetu Muhuru mgonjwa mara nyingi ndiye huyo huyo.

Tusielewane vibaya, hatusemi mtupe vidonge. Kuacha dawa hizo ghafla ni hatari. Na mtu akisema anataka kujiua, msimwache peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tunachoomba ni hiki: kwa ruhusa yake mgonjwa, watu wawili wamtembelee kila wiki na kuandika kwenye daftari. Amelala? Amekula? Amerudi ufuoni? Deni la nyavu bado linamkosesha usingizi? Akienda tena kwa muuguzi, aende na daftari hilo, maana hayo muuguzi hawezi kuyaona kwa dakika kumi. Kama wiki zinapita na hakuna nafuu, semeni wazi, muulize tiba nyingine.

Swali la mkutano ujao: katika kikundi chenu, nani hajaonekana tangu mwezi uliopita, na nani atakwenda kumwona?