Tafakuri ya leo: Wewe unayefuturu ndani ya daladala

Ndugu yangu uliyetoka Muyama ukaenda kutafuta Dar. Unalala Chanika, lindo liko Masaki, zamu ni kumi na mbili kwa kumi na mbili. Daku unakula saa tisa usiku uwahi gari la kwanza, na adhana ya magharibi inakukuta kwenye foleni ya Tazara.

Wengi mnauliza: si nami ni msafiri, nile tu? Hapana. Ruhusa ya Suratul Baqara aya ya 185 ni ya safari, na wanazuoni wengi wameikadiria kilomita 80 hivi. Chanika hadi Masaki haifiki. Kula daku, nuia. Mwili ukizidiwa hadi unahofia kudhurika, hapo fungua, utalipa baadaye.

Basi la kurudi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, hiyo ndiyo safari. Ukiamua kufunga humo, fuata jua la pale ulipo: Muyama linazama zaidi ya nusu saa baada ya Dar. Usifungue kwa ratiba ya Dar iliyo kwenye simu!

Tende tatu na maji weka mfukoni. Usisubiri ufike nyumbani. Kuharakisha futari ni sunna, hata ukiwa umening'inia mlangoni. (Konda naye mpe moja.)

Nawe bosi unayesoma hapa: sheria ya ajira ya 2004 inasema zamu isizidi saa 12. Mlinzi wako akizimaliza, mwache aende. Asikae kumsubiri mwenzake aliyechelewa mpaka magharibi impite.