SOMO LA ROBO HII: WASABI, TUANZE NA NDOO MOJA



Zao lenye bei kubwa huvutia vikundi vingi. Lakini bei hiyo mara nyingi ina sababu, na sababu hiyo ndiyo tunayopaswa kuijua kabla ya kutoa fedha za kikundi. Tuchukue mfano wa wasabi.

Wasabi ni nini?
Ni mmea wa Japani, wa jamii moja na kabichi na haradali. Shina lake nene husagwa likiwa bichi na kuliwa na samaki. Ukali wake hupungua dakika chache baada ya kusagwa. Wasabi nyingi inayouzwa madukani si wasabi halisi, bali ni mzizi mwingine mkali uliochanganywa na haradali na rangi ya kijani.

Kwa nini ni ghali?
Katika mkoa wa Shizuoka, wakulima hujenga matuta ya ngazi kwenye mabonde ya milima. Huweka mawe makubwa chini, madogo juu yake, kisha changarawe na mchanga. Maji ya chemchemi hupita humo usiku na mchana. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua ukulima huo kuwa urithi wa kilimo duniani. Mavuno huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Namna ya kujaribu nyumbani
1. Tafuta miche. Mbegu zikikauka hazioti vizuri.
2. Tumia ndoo yenye matundu chini. Weka kokoto, kisha udongo mwepesi uliochanganywa na mboji na mchanga.
3. Weka mahali pa kivuli na ubaridi. Jua kali huunguza majani.
4. Mwagilia kidogo kidogo kila siku. Udongo usikauke, wala maji yasituame, maana mmea utaoza.
5. Ondoa konokono na viwavi kwa mkono.
6. Majani na vikonyo vyake huliwa, hivyo unaweza kuchuma machache wakati ukisubiri shina.

Wasabi hupenda ubaridi wa nyuzi 8 hadi 20 za Selsiasi. Penye joto la pwani haitafaa. Hata nyanda za juu, ndoo ndiyo itakayotuonyesha.

Maswali ya kujadili katika kamati
• Je, maji tunayo mwaka mzima, au kisima hukauka kiangazi?
• Wanakikundi watakula nini kwa miaka miwili ya kusubiri?
• Mnunuzi ni nani, na tumezungumza naye?

Jibu likikosekana, fedha zisitoke. Ndoo moja ikifa tumepoteza mche. Shamba likifa, tumepoteza akiba ya wajane na vijana waliotuamini. Na wafadhili wetu tunawaomba subira hiyo hiyo: msituulize mavuno kabla ya ndoo kujibu.