Uhai Ulianzaje? Wasemayo Wanafalsafa na Wasemayo Wataalamu

Kijana mmoja wa shule ya sekondari aliuliza katika darasa, wala si darasa letu, kama ni kweli aliyosomeshwa kwamba uhai ulitokana na vitu visivyo na uhai. Akajibiwa kwamba hilo ni swali la makafiri, na akaamrishwa anyamaze. Akanyamaza kweli, tangu siku hiyo hakuonekana tena darasani, na msikitini huonekana kwa nadra. Hatumtaji yeye wala aliyemnyamazisha. Lakini twaona yatupasa kulijibu swali lake, kwani wanazuoni wetu walilizungumza waziwazi zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Na tuanze na jambo ambalo kila mtu wa pwani amelishuhudia. Samaki akiachwa juani hutoka funza. Maji ya birika yakikaa huonekana viluwiluwi. Watu wa kale walipoyatazama hayo walihukumu kwamba uhai huzuka wenyewe katika vitu vinavyooza. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, akaitia rai hiyo katika vitabu vyake, nayo ikafuatwa na Waislamu na Wakristo kwa karne nyingi. Ibn Sina alifika hadi ya kusema kwamba hata mwanadamu yawezekana kutokea pasi na wazazi, vitu vya asili vikichanganyika kwa kipimo kilicho sawa. Ibn Rushd akaipinga rai hiyo.

Ama Ibn Tufayl wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1185, yeye alitumia njia nyingine. Katika kisa chake mashuhuri cha Hayy ibn Yaqzan alitaja riwaya mbili za kuzaliwa kwa Hayy. Ya kwanza, kwamba alizuka katika udongo uliochachuka kisiwani, mahali penye hali ya hewa ya wastani. Ya pili, kwamba alizaliwa na mama kama watu wote, akatiwa ndani ya sanduku na kuachiwa bahari, na maji yakamfikisha kisiwani. Kwa riwaya yoyote uichukuayo, Hayy hukua, hutumia akili yake, na mwishowe humjua Mola wake. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, tutalirejea.

Sasa tuje kwa waliopima kwa macho na mikono. Mwaka 1668 tabibu wa Kitaliani, Francesco Redi, alitangaza majaribio yake. Alitia nyama na samaki katika vyombo. Vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika kwa kitambaa chembamba. Vilivyokuwa wazi vikaingia funza. Katika vilivyofunikwa, nzi waliishia juu ya kitambaa. Ikabainika kwamba funza ni watoto wa nzi, kama viluwiluwi walivyo watoto wa mbu. (Wazee wetu wa Lamu waliokuwa wakitia visamaki katika birika zao ili wawale viluwiluwi, hao hawakumngojea Redi.)

Vikabaki vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Hivyo navyo vilipata mtu wake, Louis Pasteur wa Ufaransa. Alichemsha maji yenye hamira na sukari katika chupa ya shingo ndefu iliyopindwa, hewa ikawa yaingia na vumbi lanasa shingoni. Maji yakadumu safi. Shingo ilipovunjwa, vijidudu vikaingia, maji yakaharibika. Kwa kazi hiyo alitunzwa mwaka 1862.

Wengi walifurahi, wakasema kwamba jambo limekwisha: uhai hautoki ila kwa uhai. Lakini Pasteur alithibitisha yale ya chupa yake na ya zama zake. Ardhi hii ina umri wa miaka milioni 4,500 hivi, na alama za uhai zajulikana tangu miaka milioni 3,500 hivi iliyopita. Yaliyopita katika bahari za zamani hizo, chupa ile haikuyasema.

Oparin wa Urusi mwaka 1924, na Haldane wa Uingereza mwaka 1929, walitoa rai kwamba hewa ya kale, isiyokuwa na oksijeni, iliweza kuzalisha vitu vya uhai. Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi huko Chicago, alichanganya maji, methani, amonia na hidrojeni ndani ya chupa, akapitisha cheche za umeme mfano wa radi. Baada ya siku chache akapata asidi amino, ambazo ndizo matofali ya protini. Wataalamu wengi wa leo waona kwamba hewa ya kale haikuwa kama ya chupa ya Miller. Lakini asidi hizo zimekutwa hata katika kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969.

Walakini matofali si nyumba. Seli, yaani chembe ya uhai, ina maagizo yake ndani yake, na hujizalisha kwa maagizo hayo. Maagizo hayanakiliki bila protini, na protini haziundwi bila maagizo: ni kuku na yai. Cech na Altman walipata tuzo ya Nobel mwaka 1989 kwa kugundua kwamba kitu kiitwacho RNA chaweza pia kutenda kazi za protini, na hapo fundo likalegea kidogo. Halijafunguka. Hadi leo hapana aliyefanya seli hai kutoka vitu visivyo na uhai.

Hapa ndipo watu wa pande mbili wanapoteleza. Mmoja husema: njia yaelekea kujulikana, basi hakuna Muumba. Huyo amechanganya maswali mawili. Sisi twajua kwamba mvua ya masika huletwa na pepo na mvuke wa bahari, wala hatukuacha kuiomba kwa Mola. Wa pili ni wetu, na makosa yake yatuuma zaidi: husema, wataalamu wameshindwa, basi Mungu yuko. Je, seli ikifanywa kesho katika chupa, imani ya huyu itasimama wapi? Ameitundika juu ya ujinga wa mtu mwingine, na ujinga huo wapungua kila mwaka. Ibn Tufayl hakuitundika yake hapo. Ndiyo maana riwaya mbili hazikumtaabisha.

Kijana yule akitaka kuja, sisi twasoma kisa hicho kila Jumamosi baada ya Isha. Tumefika pale paa aliyemnyonyesha Hayy anapokufa, naye akampasua kifua, akaufungua moyo, akikitafuta kile kilichomtoka.